Ua la Mkonge Mgongoni

Jua lilikuwa limebakiza kimo cha mtu kuzama pale Stefania alipochukua ndoo na kata, akashuka lamboni.

Kijiji kipya cha Mapambano, upande wa Handeni ukitokea Kabuku, kilikuwa na lambo moja tu, na mwezi ule wa Oktoba maji yake yalikuwa machache na mazito kama uji wa mgonjwa. Wanawake wenye akili zao walikwenda asubuhi, wakapiga soga na kurudi. Stefania alikwenda jioni, peke yake. Tangu mwezi wa nane hakutaka kusimama foleni na wenzake wakimtazama usoni. Si kwamba walimtazama vibaya. Walimpenda, walimwita dada, walimpelekea mboga. Hilo ndilo lililomtesa.

Aliinama kuteka, na harufu ikamfikia.

Mkonge uliooza. Harufu ile ya maji ya kijani yanayotoka kwenye korona, mashine ya kusaga mkonge, inayoingia kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kwenye ugali. Aliyekulia kambi za mashamba ya Korogwe haisahau. Lakini hapa mashamba yalikuwa mbali, na upepo ulikuwa umelala.

Akainua kichwa taratibu.

Ng'ambo ya lambo msichana alikuwa amesimama, amempa mgongo. Kanga yake imelowa, imemganda mwilini. Hakuwa na ndoo.

"Nani wewe?"

Sauti ndogo ikamjibu, ya mtu aliyekaukiwa na koo.

"Mama Efrazia... hukunimalizia."

Kanga ikaanza kuteleza mabegani. Stefania hakungoja ifike chini. Mgongo ule aliujua kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe. Aliacha ndoo, akaacha kata, akakimbia.

Nyumbani alimkuta binti yake, Efrazia, msichana wa miaka kumi na mitano, amekaa juu ya kigoda anamenya mihogo. Alikuwa akijikuna mgongo kwa mpini wa kisu.

"Mama, hebu niangalie hapa. Pananiwasha tangu uliponishika."

"Nimekushika lini?"

"Si kabla hujatoka? Mkono wako ulikuwa wa baridi, nikashtuka."

Stefania hakukumbuka kumshika. Aliinua blauzi ya mtoto. Kutoka kiunoni, katikati kabisa ya uti wa mgongo, mstari mweusi ulikuwa umepanda kimo cha vidole vinne. Haukuwa jeraha. Ulikuwa umepona kama chale ya miaka kumi, na kila mkato ulikuwa na mkia mdogo ulioinamia kushoto.

Kila fundi wa nembo, yaani chale za urembo, ana mkono wake. Stefania alitumia wa kushoto.

"Ni nini, mama?"

"Masizi," alijibu. Uongo ulimtoka haraka sana, na hilo nalo lilimwogopesha.

Tusimwonee huyu mama. Alikuwa fundi, na fundi hasa. Baba yake, Bernardo, alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge Korogwe, na mama yake alikuja na wembe na ufundi wa kwao: kuchanja ngozi, kupaka mkaa wa mbarika, kungoja ipone, kurudia. Wazee walichanjwa mistari usoni, lakini uhuru ulipokuja wasichana wakaona mistari ni ushamba. Wakataka maua. Jumapili walitoka Manundu, mjini Korogwe, kwa miguu kuja kambini, wakalala kifudifudi juu ya mkeka wa Stefania wakicheka na kuuma kanga. Ua la boga aliliweka begani, kwa sababu ni pana na bega hulibeba. Asumini ilizunguka kitovu. Ua dogo la mbilimbi lilikaa kwenye shavu la mguu, lionekane mwenyewe anapotembea na lijifiche anapoketi.

Ua moja tu mama yake alimkataza. "Mkonge hutoa ua mara moja, kisha hufa umesimama," alimwambia. "Usimpe mtu."

Wafanyakazi wa mkonge wote wanaujua ule mlingoti. Siku moja katikati ya majani makali huchomoza mti mwembamba, ukapanda juu kuliko nyumba, ukatoa matawi kulia na kushoto, na juu kabisa ua. Kisha mmea mzima unakauka. Stefania alikuwa ameutazama maisha yake yote, akijua kwamba hakuna mahali pengine duniani pa kuuchora isipokuwa mgongoni mwa mwanamke. Aliunyima mkono wake kazi ile kwa miaka mingi. Lakini mkono ulikuwa unautaka.

Bei ya mkonge ikaanguka, kambi zikapungua watu. Mumewe, Valerian, alibaki kwenye korona na kuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Stefania na Efrazia waliandikishwa Mapambano mwaka ule wa kuhamia vijijini, wakachanganyika na Wazigua walioletwa kutoka vitongojini mwao. Huko wembe aliuficha; walioujua ufundi wake ni wasichana wachache, na hao hawasemi mbele ya wazee. Hapo ndipo alipokuja Hajira.

Hajira alikuwa binti wa mzee Mhina, mtu wa msikitini, mkali na mpole kwa zamu. Msichana alikuwa ameposwa, harusi mwezi wa tisa. Alikuja siku watu wote wapo shamba la kijiji. Yeye alisingizia homa.

"Nataka ua, mama Efrazia. Baba asijue."

"Nikupe la boga. Begani litakaa vizuri."

"La boga linanyauka mchana."

"Asumini basi. Mumeo ataipenda."

Hajira alicheka. "Nataka lile refu. Lililo kwenye mpaka wa shamba la zamani. Lipande mgongoni mpaka hapa." Akagusa shingo yake.

Stefania angesema hapana. Alikuwa na neno mdomoni tayari. Lakini msichana aligeuka na kuvua, na mgongo ule ulikuwa mrefu, umenyooka, hauna hata kovu. Mkono wa kushoto ukaenda kuchukua wembe kabla kichwa hakijaamua.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Mlingoti mmoja, matawi tisa. Alikuwa na nyembe tatu, mbili alizichemsha. Wa tatu alikusudia kuupitisha motoni, lakini kule ofisi ya kijiji kengele iligongwa, watu wanarudi kutoka shambani, akautumia hivyohivyo kwa matawi ya mwisho. Ua la juu halikufanyika.

"Urudi Ijumaa nikumalizie."

Ijumaa Hajira alikuwa na homa ya kweli. Mgongo ulivimba, ukawa wa moto kama chungu. Siku ya nane alifariki.

Waliomwosha waliona. Walitoka wakiwa wameziba midomo. Alama gani hii? Imepandaje mgongoni mwa mtoto wa watu? Mkutano ukaitwa jioni ileile, na balozi wa nyumba kumi, Muhidini, akasimama mbele ya watu.

"Ndugu zangu, nani anaijua alama hii?"

Stefania alikuwa mstari wa pili. Aliijua. Alijua kila mkato.

Mwishoni mwa watu alikaa bibi Mashavu, mjane mzee, mchimba dawa, aliyegombana na Hajira wiki iliyopita juu ya zamu ya maji. Macho yalianza kumwendea yeye, jozi moja baada ya nyingine. Bibi hakuyajali. Alikuwa akimtazama Stefania. Siku ile alikuwa amepita nje ya nyumba yake na kumwona msichana akitoka, ameshika kiuno, anacheka na kuugulia.

"Mwenye mkono wake yupo hapa," bibi Mashavu alisema. "Atasema mwenyewe."

Akangoja. Alimpa Stefania muda wa kutosha kabisa. Watu walisikia kitisho cha mchawi, wakaanza kupiga kelele. Nyumba ya bibi ikaezuliwa usiku haujaingia. Akaambiwa arudi mahameni, kitongoji cha zamani alikohamishwa, mwendo wa saa moja porini, na asionekane tena lamboni, asije akatia kitu kwenye maji.

Stefania alikwenda nyumbani akapika. Alikula, pia.

Sasa mlingoti ulikuwa mgongoni mwa mwanawe.

Siku ya pili ulifika kwenye mabega ukatoa matawi mawili. Siku ya tatu manne. Yalikuja saa ileile, jua linapozama, na kila yalipokuja Efrazia alisema jambo lilelile.

"Mama, usinishike. Mkono wako wa baridi."

Siku ya nne Stefania aliapa hatatoka. Alifunga mlango, akakaa juu ya kitanda, akamkumbatia mtoto. Alikumbuka jua likiwa juu ya paa la ofisi. Kisha akakumbuka giza na Efrazia akilia. Katikati hapakuwa na kitu. Alihesabu kwa vidole.

Sita.

Siku ya tano, manane. Homa ikapanda. Alijaribu mafuta ya nyonyo, akajaribu majivu, akasali rozari mpaka shanga zikateleza kwa jasho. Yote hayo alifanya. Jambo moja tu hakulifanya, na alilijua.

Hajira alikuwa na matawi tisa. Kwa Efrazia lilibaki moja, kisha ua. Na mkonge ukishatoa ua...

Siku ya sita, baada ya adhuhuri, alimwacha mtoto amelala akaenda mahameni. Njiani alipita magofu ya nyumba ambazo watu walitolewa, mafiga bado yapo uani, mipapai inazaa kwa ajili ya ndege. Nyumba ya bibi Mashavu ilikuwa nusu paa. Mlango wa mabua ulikuwa umefungwa. Nzi walikuwa wengi.

Na ile harufu.

"Hodi... Shikamoo, bibi."

Sauti ikatoka ndani, karibu sana na mabua:

"Umeniletea maji?"

"Ni mimi, bibi. Mama Efrazia."

"Umeniletea maji?"

"Sikubeba, bibi, nisamehe. Nina haraka. Mwanangu anakufa."

"Yamefika mangapi?"

Stefania nywele zilimsimama. Hakuwa amemwambia mtu. "Manane."

"Mm."

"Nipe dawa, bibi. Nitakulipa chochote."

"Dawa unayo wewe. Umeibana chini ya ulimi tangu siku ile."

"Watanifukuza!"

Kitu kilikwaruza ukutani kwa ndani, kama kipande cha mkaa. Polepole. Kikapanda, kikasimama, kikapanda tena.

"Mimi nilifukuzwa nimenyamaza," sauti ilinong'ona. "Wewe fukuzwa umesema. Kabla jua halijazama."

Kupitia nafasi ya mabua Stefania aliona pindo la kanga tu. Angeweza kusukuma mlango. Hakusukuma. Alishukuru, Mungu amsamehe, kwamba hakulazimika kumtazama yule mzee usoni.

Alirudi mbio, miiba ikimchana, jua likimtangulia. Alipofika, lilikuwa limegusa miti. Hakwenda nyumbani. Alikwenda ofisini, kwenye ringi ya gurudumu iliyoning'inizwa kuwa kengele, akaigonga kwa jiwe mpaka mikono ikafa ganzi.

Watu wakaja na majembe begani. Muhidini akaja amevaa ndala moja. Mzee Mhina akaja mwishoni, tasbihi mkononi.

"Kuna moto?"

"Ile alama mgongoni mwa Hajira," Stefania alisema, "ni kazi yangu. Bibi Mashavu hakufanya kitu. Alijua ni mimi, akaningoja niseme, mimi nikanyamaza."

Watu walishusha majembe.

"Kwa hiyo ulimchora tu," Muhidini alisema, kama mtu anayemsaidia. "Kuchora hakuui. Homa ni ya Mungu."

Hapo palikuwa na mlango uliofunguliwa wazi. Angepita. Kuchora hakuui. Alikuwa ameanza kuitikia kwa kichwa pale kelele za Efrazia zilipotoka nyumbani.

"Mama! Niache! Mama, unaniumiza!"

Watu waligeuka kuitazama nyumba. Kisha wakamgeukia Stefania, aliyesimama mbele yao, mikono mitupu. Tawi la tisa. Jua lilikuwa limebaki ukucha.

"Wembe!" alipiga kelele. "Wembe wa tatu sikuupitisha motoni! Nilikuwa na haraka, nilijua ni mchafu, nikamkata nao! Mama yangu alinikataza ua lile, nikalichora kwa sababu nilitaka kuona mkono wangu unavyoweza! Mimi ndiye niliyemuua, mzee Mhina. Mimi."

Kule nyumbani pakawa kimya.

Jua likazama.

Mzee Mhina alisogea mpaka akawa mbele yake. Watu walidhani atampiga. Nadhani hata Stefania alitamani.

"Mwanangu alilia?" mzee aliuliza.

"Hapana, mzee. Alicheka. Alisema ninamtekenya."

Mhina akavua kofia yake, akakaa chini kwenye vumbi. 

Efrazia alikutwa amejibanza kwenye kona, jasho jembamba linamtoka, homa imeshuka. Mlingoti ulikuwa pale, na matawi tisa. Juu, chini kidogo ya shingo, ngozi ilikuwa safi.

Asubuhi Muhidini alikusanya watu wanne wakamlete bibi Mashavu kwa heshima. Mzee Mhina alikwenda. Stefania alikwenda naye, safari hii na ndoo ya maji kichwani, hajamwaga hata tone.

Muhidini alipiga hodi mara tatu, akasukuma mabua.

Bibi alikuwa amelala kitandani, amejifunika kanga. Amekauka. Mkono wake ulikuwa umening'inia nje ya kitanda, juu ya mtungi. Ndani ya mtungi hapakuwa na kitu isipokuwa buibui.

"Huyu ana zaidi ya mwezi tangu afe," Muhidini alisema kwa sauti ya chini. "Amekufa kwa kiu."

"Nilizungumza naye jana," Stefania alisema.

Walimtazama. Wakati huohuo mzee Mhina alikuwa akionyesha ukuta kwa kidole.

Mlingoti ulipanda kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti. Matawi tisa, kulia na kushoto. Na juu kabisa ua limechanua, kamili, petali zote. Muhidini aligusa, mkaa ukabaki kidoleni mwake. Ulikuwa mpya. Kila mstari ulikuwa na mkia mdogo ulioinamia kushoto.

"Nani anaijua alama hii?" mzee Mhina aliuliza, taratibu. "Mkono wa nani huu?"

Stefania aliutazama mkono wake wa kushoto. Hakuwa ameshika mkaa wa mbarika tangu siku ya Hajira. Alitupa wote shimoni. Chini ya kucha zake kulikuwa na weusi.

Kumbe ndiye yeye aliyechora? Au ni masizi ya jikoni? Hata leo hajui.

"Wangu," alisema.

Hawakumfukuza. Waliposema aondoke, mzee Mhina ndiye aliyekataa. "Akae," alisema. "Nataka awepo." Na kila asubuhi alimpita mlangoni kwake kwenda shambani, akamsalimu vizuri, kama anavyosalimiwa mtu yeyote, na Stefania aliitikia bila kuinua macho.

Bibi Mashavu alizikwa palepale mahameni. Kila Ijumaa Stefania humpelekea ndoo ya maji, huiweka mlangoni, huifunika kwa ungo na juu ya ungo jiwe. Ijumaa inayofuata huikuta kavu, ungo mahali pake, jiwe mahali pake. Muhidini husema ni jua la Handeni. Huenda.

Akirudi, jua huwa linazama. Efrazia humsikia tangu uani, huacha anachofanya. Mtoto ni mzima, ananenepa, ana heshima kuliko zamani. Lakini mama yake anapoingia, husogea polepole mpaka mgongo wake uguse ukuta.

"Shikamoo, mama," husema, na hukaa hivyo mpaka giza liingie.